Utatuzi wa Matatizo ya Bajaji Msimu wa Mvua, Mtwara na Lindi

Mvua za mikoa ya kusini huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili, miaka mingine hadi Mei, na katika kipindi hicho malalamiko ya madereva wa bajaji hubadilika. Kiangazi dereva hulalamikia vumbi na mchanga. Mvua ikishika, husema usukani haufuati, breki hazikamati, na injini inazima katikati ya dimbwi. Maelezo haya yamepangwa kwa dalili zinazosikika mara kwa mara vijiweni na gereji, kuanzia Mikindani na Naliendele hadi Mingoyo, Mtama na njia za kupanda uwanda wa Makonde. Chini ya kila dalili kimetangulia chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi, na ukaguzi usiohitaji spana umetangulia ule unaohitaji fundi.

Bajaji inayozungumziwa ni ile ya petroli iliyozoeleka: gurudumu moja mbele, mawili nyuma, injini ya silinda moja yenye ujazo wa takriban sentimita 200 iliyokaa nyuma na kupozwa kwa feni, na gia za kuzungusha kwa mkono wa kushoto. Jambo moja nalisisitiza tangu mwanzo kwa sababu linawagharimu madereva fedha nyingi bila sababu. Bajaji nyingi zinazofikishwa kwa fundi msimu wa mvua kwa madai ya usukani mbovu au injini dhaifu hazina ubovu huo. Shida iko kwenye upepo wa matairi, mpangilio wa mzigo, au maji yaliyojificha mahali padogo, na yote hayo dereva anaweza kuyakagua kabla hajafungua pochi.

Dalili: usukani umekatwa lakini bajaji inaendelea kwenda mbele

Hii ndiyo dalili ya hatari kuliko zote kwenye tope, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Barabara ya udongo iliyopitiwa na malori na magari madogo hubaki na mifereji miwili ya matairi na tuta katikati. Gari la magurudumu manne hupita ndani ya mifereji hiyo, mahali ambapo udongo umeshindiliwa. Bajaji ina upana wa takriban mita 1.3 tu, na gurudumu lake la mbele liko katikati kabisa, kwa hiyo dereva asipochagua njia, gurudumu pekee linaloongoza chombo hupita juu ya tuta, kwenye udongo laini na majani yenye utelezi, huku yale mawili ya nyuma yakining'inia kwenye kingo za mifereji. Hakuna fundi anayeweza kurekebisha hilo. Tiba yake ni kuliingiza gurudumu la mbele ndani ya mfereji mmoja, kwa mwendo wa gia ya kwanza au ya pili, mradi upande wa nje wa barabara uwe tambarare na imara kiasi cha kulibeba gurudumu la nyuma. Ikiwa upande huo unaporomokea mtaroni, simamisha, teremka, utembee hatua kadhaa mbele uone kwa macho kabla ya kuamua.

Chanzo cha pili ni mzigo uliokaa nyuma mno. Mizigo inayofungwa nje, nyuma ya ekseli, hulipunguzia uzito gurudumu la mbele, nalo likikosa uzito haliwezi kung'ata ardhi. Wakati wa korosho utaiona bajaji imebeba gunia nyuma ya kiti na jingine limefungwa juu ya kibebeo, na dereva wake analalamika kwamba usukani umekuwa mwepesi. Wepesi huo ni onyo. Mlimani hali huzidi kuwa mbaya, kwa sababu mwinuko nao unausukuma uzito nyuma. Hamishia mzigo mbele ya ekseli ya nyuma, sakafuni mbele ya kiti cha abiria, au upunguze. Abiria wasizidi watatu.

Cha tatu ni tairi. Angalia kwanza upepo kwa geji, tairi likiwa limepoa, na ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha chombo chako. Wapo wanaolijaza tairi la mbele mpaka likawa gumu wakiamini kwamba litapita vizuri kwenye tope, lakini tairi gumu hukanyaga eneo dogo na huruka juu ya kila jiwe. Wapo pia wanaotoa upepo mwingi ili lipite kwenye mchanga, kisha wakasahau kuurudisha walipofika lami, na tairi laini hulegea kwenye kona na kuchanika ubavuni. Halafu tazama kashata, yaani mikato ya uso wa tairi. Ukipitisha kidole kwenye tairi na kuona mifereji ya katikati imekwisha wakati ile ya pembeni bado ipo, tairi hilo halifai tena kwa lami iliyolowa, hata kama kwa mbali linaonekana zima.

Vyanzo adimu ni beringi za gurudumu la mbele, beringi za shingo ya usukani na shokapu iliyokufa. Kwa kuvikagua, weka bajaji mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, kisha muombe mwenzako aiinue sehemu ya mbele kidogo. Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, beringi ya gurudumu imekwisha. Zungusha usukani polepole toka kushoto hadi kulia, na ukihisi unakwama katikati kisha unaachia, beringi za shingo zimeliwa na kutu. Kazi ya shingo ya usukani ifanywe na fundi mwenye vifaa vyake. Nati ya hapo ikikazwa kupita kiasi usukani unakuwa mgumu kurudi, na ikilegezwa mno gurudumu linatetemeka kwenye mwendo. Acha kubeba abiria mpaka kazi hiyo ikamilike.

Dalili: gurudumu la nyuma linanyanyuka kwenye kona

Chanzo cha kwanza ni kufunga breki ndani ya kona. Magurudumu matatu yakiunganishwa kwa mistari hufanya pembetatu, na bajaji husimama salama maadamu uzito wake uko ndani ya pembetatu hiyo. Kwenye bajaji ncha nyembamba iko mbele. Dereva akikanyaga breki huku amekata kona, uzito unakimbilia mbele, kwenye wembamba, na wakati huohuo unasukumwa nje ya kona. Njia zote mbili zinauelekeza kwenye mstari uleule wa pembetatu, nao ukiuvuka, chombo kinapinduka. Kwa hiyo breki zimalizwe kabla ya kona, bajaji ikiwa imenyooka, kisha uingie ukiwa na resi ndogo isiyobadilika mpaka utoke.

Vyombo vya magurudumu mawili mbele na moja nyuma, kama magari ya michezo ya Morgan yanayotengenezwa Uingereza, yana tabia tofauti. Upana wa mbele huyapa uthabiti wakati wa kufunga breki, na ndiyo maana yanaweza kupelekwa hata kwenye viwanja vya mbio, lakini gurudumu lile moja la nyuma ndilo linalosukuma chombo chote, nalo hupita katikati ya barabara palipokusanyika theluji au tope, likaanza kuteleza kabla ya mengine. Nimeyataja kwa sababu mafunzo ya uendeshaji wa vyombo vya namna hiyo husambazwa kwenye simu kana kwamba yanahusu kila chenye magurudumu matatu. Dereva wa bajaji asiyafuate. Hasa ushauri wa kuchelewesha breki mpaka ndani ya kona unaweza kumuua.

Chanzo cha pili ni uzito ulio juu: mizigo kwenye kibebeo cha juu ya paa, au abiria wanaoegemea upande wa nje. Cha tatu ni springi au shokapu ya nyuma iliyolegea upande mmoja, jambo unaloligundua ukiitazama bajaji tupu kutoka nyuma na kuona imeinama. Springi iliyokatika haina tiba ya njiani.

Dalili: breki hazishiki, au zinavuta upande mmoja

Tairi la bajaji la 4.00-8 lina rimu ya inchi 8, na kitovu chake kiko karibu sentimita 20 tu juu ya ardhi. Maji yakifika katikati ya gurudumu, dramu za breki zimeshaanza kunywa. Bitana, yaani vipande vinavyobana dramu ili gurudumu lisimame, zikilowa breki hupotea kwa muda, na hicho ndicho chanzo cha kawaida kuliko vyote. Ukishatoka majini, nenda polepole kwenye sehemu iliyonyooka huku ukikanyaga breki kwa wepesi na kuachia, mara kadhaa, mpaka usikie zimerudi. Fanya hivyo kabla ya mteremko. Ukielekea kushuka kutoka mitaa ya juu ya mji wa Lindi kuja pwani baada ya kupita kwenye maji, hakikisha kwanza ukiwa juu, kwenye tambarare.

Zikivuta upande mmoja hata baada ya kukauka, pima upepo wa matairi mawili ya nyuma, kwa sababu tofauti ndogo hapo huiga ubovu wa breki. Upepo ukiwa sawa, kuna tope au mchanga kwenye dramu moja. Kulifungua dramu ni kazi ambayo dereva mzoefu anaweza kuifanya: tope jembamba la mchanga hukauka juu ya bitana likawa tabaka gumu linalong'aa, na kulipangusa kwa kitambaa hakutoshi, linahitaji msasa. Kazi hiyo ifanyike nje na kwa kitambaa kilicholowa, wala vumbi la bitana lisipulizwe kwa mdomo. Ukikuta bitana imelowa kitu cha mafuta badala ya maji, pipa la breki la gurudumu hilo, yaani silinda ndogo inayosukuma bitana, linavuja. Bitana iliyonyonya mafuta haioshwi kwa petroli ikarudi kazini. Inabadilishwa, na pipa linatengenezwa.

Katika bajaji nyingi kanyagio moja hutumikia magurudumu yote matatu, kwa hiyo uvujaji wa mahali pamoja unaweza kukuondolea breki zote. Angalia kiwango cha mafuta ya breki kila asubuhi. Yakipungua bila sababu, au kanyagio likizama taratibu unapolishikilia, usitoke kijiweni, mwite fundi aje. Kuongeza mafuta ya breki na kuendelea na safari si suluhisho, na wala maji au mafuta ya kula yasitiwe humo hata kidogo. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kadiri muda unavyokwenda, kisha huchemka kwenye mteremko mrefu na kanyagio likalainika ghafla. Ikikutokea hivyo unaposhuka, punguza gia moja baada ya nyingine ili injini izuie mwendo, vuta breki ya mkono kidogokidogo, na utafute mahali pa kusimama.

Dalili: injini imezima ndani ya maji

Usibonyeze selfu. Natamani agizo hili libandikwe kwenye kila bajaji, kwa sababu hapa ndipo tatizo linalotibika kwa kitambaa hugeuka kuwa injini ya kufunguliwa yote. Maji yakiwa yameingia ndani ya silinda, pistoni haiwezi kuyabana kama inavyobana hewa, na nguvu ya selfu, au ya vijana wanaosukuma bajaji ikiwa kwenye gia, hupinda mkono wa pistoni.

Zima swichi, weka gia huru, sukumeni bajaji hadi mahali pakavu. Anza na kofia ya plagi: ivue, itazame kwa tochi ndani, na mara nyingi utaona matone madogo yameshikilia pale kwenye chuma. Ifute kwa kitambaa kikavu pamoja na sehemu nyeupe ya plagi na waya wake. Kabla ya kuwasha, kagua chujio la hewa. Likiwa kavu, rudisha kofia na ujaribu kuwasha. Mara nyingi tatizo linaishia hapo.

Chujio likiwa limelowa, fikiria kwamba maji yamefika mbali zaidi. Ondoa plagi, na kofia yake iwekwe mbali na tundu, kwa sababu cheche ikikutana na mvuke wa petroli italipuka. Zungusha injini kidogo plagi ikiwa nje, watu wakae mbali na tundu hilo. Yakitoka maji, endelea mpaka yaishe, kisha kagua oili. Oili iliyochanganyika na maji huwa na rangi ya chai ya maziwa, na ukiiona hivyo kwenye kijiti cha kupimia, injini isiwashwe kabisa mpaka imwagwe na kutiwa mpya. Fundi aeleze pia maji yaliingilia wapi. Injini iliyotolewa maji kisha ikawaka kwa sauti ya kugonga izimwe mara moja na ipelekwe gereji kwa kuvutwa.

Ili isifike huko, pima maji kabla ya kuingia, kwa fimbo au kwa kumtazama mtu anayevuka kwa miguu. Yakizidi katikati ya gurudumu, subiri. Maji yanayotiririka juu ya kalavati yasivukwe hata yakionekana mafupi, kwa kuwa huficha barabara iliyokwisha kuchukuliwa. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya Lindi kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, na hiyo ni barabara ya lami inayobeba malori.

Maji ya bahari ni habari nyingine. Bajaji iliyopita kwenye maji ya chumvi ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, chini na kwenye dramu, bila kuelekeza mpira wa maji kwenye chujio la hewa wala nyaya.

Dalili: asubuhi ya mvua haiwaki, au inawaka na kumisi

Unyevu wa usiku kwenye kofia ya plagi ndio chanzo cha kwanza, na tiba yake imeshaelezwa. Cha pili, hasa kwa wanaolaza bajaji karibu na pwani kama Shangani au Mikindani, ni chumvi kwenye viungo vya umeme. Vua vichwa vya betri uone kama vina unga mweupe au wa kijani, visugue, vikaze, na upake grisi kidogo. Waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi husahaulika, nao hula kutu chini ya rangi. Taa zikififia kila unapobonyeza selfu, anzia hapo.

Cha tatu ni maji kwenye petroli, yanayotokana na mfuniko wa tangi usiofunga vizuri au petroli ya chupa iliyonunuliwa njiani. Funga koki ya petroli, legeza skrubu ya chini ya kabureta, na ukinge kinachotoka kwenye chupa safi inayoonyesha ndani. Iache itulie. Maji hukaa chini na petroli juu, na mstari kati yao unaonekana wazi. Fanya hivi injini ikiwa imepoa, mbali na jiko, sigara na simu inayochajiwa. Kama maji yametoka mengi, tangi lote limwagwe.

Haya yote yakiwa sawa na bado hakuna cheche, usiendelee kubadilisha spea kwa kubahatisha. Koili na kisanduku cha kuwasha hupimwa kwa mita, na fundi umeme atakuambia kwa muda mfupi kipi kimekufa.

Dalili: gurudumu moja la nyuma linazunguka bure, jingine limesimama

Hili si tatizo la gia. Mfumo wa nyuma wa bajaji huyaruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti ili ikate kona, na kwa sababu hiyohiyo nguvu hukimbilia gurudumu lisilo na kizuizi. Kuongeza resi kunachimba shimo tu. Teremsha abiria, weka matawi, makumbi ya nazi au kokoto chini ya gurudumu linalozunguka, ondoka kwa gia ya kwanza na resi ndogo. Breki ya mkono ikivutwa kidogo sana husaidia kulizuia gurudumu hilo na kupeleka nguvu kwa mwenzake, lakini iachie mara bajaji inapoanza kwenda. Wanaosukuma wakae pembeni ya chombo, asiwepo mtu nyuma moja kwa moja.

Ikiwa gurudumu linazunguka bure hata kwenye lami kavu, au unasikia mlio wa kugonga kila unapoachia klachi, raba au shafti ya upande mmoja imekwisha. Simama, itazame kwa chini, na bajaji ivutwe.

Dalili: inakosa nguvu mlimani siku chache baada ya mvua

Tope hukauka kati ya mapezi ya silinda na kwenye wavu wa feni, hewa haipiti, na injini hupata joto kwenye mwinuko mrefu kama ule wa kuelekea Newala. Ikipoa kabisa, likwangue kwa kijiti na brashi. Usimwagie maji injini yenye moto. Ikiwa mapezi ni safi na chujio la hewa ni kavu, kagua uchezaji wa waya wa klachi, kwani klachi inayoteleza hupandisha sauti ya injini bila kuongeza mwendo.

Dalili: gia ngumu kuingia

Nyaya za gia na klachi zimeingia maji na kuota kutu ndani ya maganda yake. Tia oili nyembamba kutoka juu, zungusha mpini mara nyingi, na waya wowote uliochanua nyuzi ubadilishwe kabla haujakatika njiani. Kama nyaya ni laini na gia bado zinakwama, katisha safari, umwone fundi wa gia boksi.